Msitu Uliofungwa Mara Tatu

Ndugu msomaji, anayefunga mlango huwa ana sababu yake, na aliyefungiwa nje naye ana maneno yake. Shida ni kwamba historia nyingi tunazosomeshwa zimeandikwa na yule mwenye ufunguo. Leo nataka tuzungumze habari za mlango mmoja mkubwa mno, mlango wa misitu ya California huko Marekani, ambao ulifungwa mwaka 2020 na ukafungwa tena mwaka 2021 kwa sababu ya moto. Utaniuliza: sisi watu wa Manzese na wa Eastlands, tunaopanda daladala na matatu kila siku, misitu ya California inatuhusu nini? Subiri kidogo, tutafika huko.

Tuanze na amri yenyewe. Tarehe 31 Agosti 2021, saa 5 na dakika 59 usiku, Idara ya Misitu ya Marekani ilifunga karibu misitu yote ya taifa iliyomo katika jimbo la California. Si msitu mmoja, wala si njia moja. Ni eneo la hekta milioni 8 hivi. Chukua Rwanda uijumlishe na Burundi, bado hujalifikia. Amri ilisema mtu haruhusiwi kuingia wala kuwemo humo, awe kwa miguu au kwa gari. Barabara za msituni marufuku, vijia vya wapanda milima marufuku, kulala kambini marufuku. Ukikamatwa, faini hadi dola 5,000, au jela hadi miezi 6, au vyote viwili. Walioruhusiwa walikuwa wachache: wazimamoto na maofisa walio kazini, wenye nyumba au ardhi yao ndani ya msitu, na wenye kibali maalumu. Wengine wote, kwaherini.

Sasa jamani, kwa Mmarekani hilo si jambo dogo. Msitu wa taifa kule ni mali ya umma. Huombi ruhusa ya mjumbe wala balozi wa nyumba kumi ili ukapige hema lako chini ya misonobari. Na amri yenyewe ilikuja siku chache kabla ya Sikukuu ya Wafanyakazi, ambayo kwao huwa Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Wikiendi hiyo nusu ya mji huhamia milimani na mishikaki yake na watoto wake. Mwenye farasi wa kukodisha akabaki anawatazama farasi wake. Mwenye duka la chambo akafunga. Mwindaji aliyeungojea msimu mwaka mzima akapigwa na butwaa. Wapo waliosema serikali imezidi: kama moto unawaka kaskazini, kwa nini mnanifungia msitu wa kusini, umbali wa mamia ya kilomita?

Mimi nasema waliofunga walikuwa na haki. Lakini nitasema pia kwamba kufunga kule kulikuwa ni kulipa deni, na deni lenyewe lilianza kukopwa zamani sana. Mlango ule haukufungwa mara ya kwanza mwaka 2020. Ulikwisha kufungwa mara mbili kabla ya hapo, na waliofungiwa nje mara hizo hawakuwa watalii.

WIKIENDI YA BWAWANI

Kwanza tuwatendee haki waliotoa amri. Ili uwaelewe, lazima urudi nyuma mwaka mmoja, Septemba 2020.

Ijumaa jioni, tarehe 4, moto ulianza katika Msitu wa Taifa wa Sierra. Wakauita Creek Fire. Ilikuwa wikiendi ileile ya sikukuu, na mamia ya watu walikuwa wamepiga kambi kando ya bwawa liitwalo Mammoth Pool, ndani kabisa ya milima. Kufika huko kuna barabara moja tu, nyembamba, yenye kona nyingi. Jumamosi tarehe 5 moto ukashika kasi ambayo hata wakongwe wa zimamoto hawakuitegemea. Moshi wake ukajenga wingu lililopanda kama kilomita 15 angani, wingu lenye upepo wake na radi zake. Moto ukaikata ile barabara moja. Basi watu wakawa wamenaswa: nyuma yao moto, mbele yao maji.

Walifanya nini? Walikimbilia ukingoni mwa bwawa. Usiku ule marubani wa jeshi la akiba la California walipeleka helikopta mbili ndani ya moshi, wakitumia miwani ya kuonea gizani. Katika safari moja, helikopta aina ya Chinook ilibeba watu 102, wamebanana kama abiria wa daladala la jioni. Mpaka shughuli inakwisha, watu zaidi ya 200 walikuwa wameokolewa, wengine wameungua, wengine wamevunjika. Marubani wale na wenzao walipewa nishani, na walistahili.

Lakini mtu mwenye akili hangoji muujiza wa pili. Wikiendi hiyohiyo, kusini mwa jimbo, familia moja ilifanya sherehe ya kutangaza kama mtoto aliye tumboni ni wa kiume au wa kike. Wakawasha kifaa cha kutoa moshi wa rangi. Nyasi zilikuwa kavu kama karatasi. Moto uliotokea hapo, El Dorado Fire, uliteketeza maelfu ya hekta na kumuua mzimamoto mmoja. Kwa ajili ya moshi wa rangi!

Tarehe 7 Septemba 2020 Idara ya Misitu ikafunga misitu kadhaa ya kusini na ya milima ya Sierra Nevada. Siku mbili baadaye, tarehe 9, ikafunga yote 18. Hesabu yao ilikuwa rahisi. Kwanza, sehemu kubwa ya mioto huko Marekani huanzishwa na watu, kwa hiyo ukipunguza watu unapunguza cheche. Pili, mtu asiyekuwemo msituni hahitaji helikopta ya kumtoa. Tatu, barabara. Na hili la barabara naomba tulitulie kidogo, maana ndilo wanaolalamika husahau.

Barabara ya mlimani wakati wa moto ni kama mlango wa ukumbi wa sinema. Kila anayetoka anapita hapohapo, na wazimamoto wanaoingia nao wanapita hapohapo. Tarehe 8 Novemba 2018 mji wa Paradise, uliojengwa juu ya mgongo wa kilima, uliteketea kwa saa chache. Mji ule ulikuwa na njia chache za kutokea, na watu zaidi ya 20,000 walizikimbilia kwa pamoja. Foleni ikasimama, moto haukusimama. Watu 85 walikufa katika moto ule, baadhi yao ndani ya magari yao. Kisha linganisha na tarehe 30 Agosti 2021, siku moja tu kabla ya amri niliyokutajia mwanzoni. Mji wa South Lake Tahoe, wenye wakazi kama 22,000, uliambiwa uhame kwa sababu ya Caldor Fire. Foleni ilikuwa ya masaa, watu wakajikunja ndani ya magari na mbwa wao na magodoro yao. Lakini walitoka, na mji wao haukuungua. Sasa fikiria kama katika foleni ile wangeongezeka maelfu ya watalii wa sikukuu wanaoshuka milimani na mahema yao. Ndipo utaelewa kwa nini wakubwa walifunga msitu wa mbali na moto. Walikuwa wameishiwa watu. Nchi nzima ilikuwa katika daraja la 5 la tahadhari, na la 6 hakuna. Moto mpya popote pale ungekosa wa kuuzima.

Na hapo hapo nikuonyeshe jambo linaloniuma. Msitu ukifungwa kwa raia huru, kuna watu wengine hupelekwa ndani yake. California ina utaratibu wa miaka mingi wa kuwatumia wafungwa kupambana na moto. Wanavaa nguo za rangi ya machungwa, wanashika majembe na misumeno, wanakata njia ya kuuzuia moto usivuke. Mwaka 2020 malipo yao yalikuwa chini ya dola 6 kwa siku, pamoja na dola 1 kwa kila saa ya dharura. Mwaka huo gonjwa la korona liliwapunguza, kwa kuwa wengi waliachiwa mapema, na pengo likaonekana waziwazi. Yaani dola inayomfungia mtu jela ndiyo inayomfungulia msitu siku ambayo msitu haukaliki. Tulifikirie hilo.

MARA YA KWANZA: WALIFUNGIWA WATU

Sasa turudi nyuma, tutafute lile deni.

Kabla ya Mzungu kufika, misitu ya California haikuwa pori lisilo na mwenyewe. Wenyeji wake wa asili, wale ambao vitabu vyetu vya shule viliwaita Wahindi Wekundu, waliitunza kwa karne na karne, na mojawapo ya vifaa vyao vya kutunzia ulikuwa moto. Kaskazini, kwenye mto Klamath, wanaishi Wakaruk. Hao walichoma kwa mpango. Walijua wachome lini, wapi, na upepo ukivuma kutoka upande gani. Moto wao ulikuwa mdogo, wa kutambaa chini, unaokula majani makavu na vichaka bila kuiangusha miti mikubwa. Uliua wadudu wanaoharibu mbegu za mwaloni, ambazo kwao ni chakula kama mahindi kwetu. Baada ya moto, mti mdogo uitwao hazel hutoa machipukizi marefu na yaliyonyooka, na bila machipukizi hayo msusi hana cha kusukia kikapu. Hata moshi walikuwa na habari nao: ukitanda juu ya bonde huzuia jua, maji ya mto yakapoa kidogo, na samaki wapandao mto wakapata nafuu.

Sisi Waswahili tuna msemo, dawa ya moto ni moto. Tunautumia kijiweni mtu anapotaka kulipiza kisasi. Kumbe kwenye mto Klamath msemo huo ungekuwa maelezo ya kazi ya kila mwaka, bila ugomvi wowote ndani yake.

Mkoloni aliona nini? Aliona washenzi wanachoma nchi. Mwaka 1793, gavana wa Kihispania, José Joaquín de Arrillaga, alitoa tangazo la kuwapiga marufuku wenyeji kuchoma nyika. Mwaka 1850, mara tu California ilipokuwa inaingia katika Marekani, bunge lake lilitunga sheria iliyojiita ya utawala na ulinzi wa Wahindi. Jina zuri, sivyo? Ndani yake mliruhusiwa kuwachukua wenyeji na watoto wao kufanya kazi za lazima, na ndani yake kuchoma nyika kukawa kosa la kuadhibiwa. Misitu ya serikali ilipoanza kuwekewa mipaka, ardhi ya Wakaruk karibu yote ikawa ndani ya msitu wa taifa. Mtu akalala mwenyeji, akaamka mvamizi. Na mwaka 1918 afisa mmoja wa misitu wa huko Klamath aliandika barua kwa mkubwa wake juu ya wenyeji waliokuwa bado wanachoma kwa siri. Alipendekeza njia ya uhakika ya kuwakomesha: wapigwe risasi kila wanapoonekana vichakani. Barua hiyo ipo mpaka leo. Mwanamke aliyekwenda kuchoma kichaka ili mwakani apate fito za vikapu, katika karatasi za serikali amebaki mhalifu tu.

Huo ndio ufungaji wa kwanza. Hapakuwa na dharura, wala haukuwa wa wiki mbili.

MARA YA PILI: UKAFUNGIWA MOTO

Idara ya Misitu ya Marekani ilianzishwa mwaka 1905, wakati wa Rais Theodore Roosevelt, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Gifford Pinchot. Ilikuwa bado changa, ina maadui bungeni, ilipokutana na msiba wa 1910.

Tarehe 20 na 21 Agosti 1910 upepo mkali uliunganisha mamia ya mioto katika milima ya Idaho na Montana. Kwa siku mbili hekta zaidi ya milioni 1 ziliungua na watu wasiopungua 85 wakafa, wengi wao wazimamoto. Hadithi inayosimuliwa zaidi ni ya Ed Pulaski, aliyekuwa na vijana wapatao 45 karibu na mji wa Wallace. Moto ulipowazunguka aliwaingiza katika shimo la mgodi wa zamani, akasimama mlangoni na bastola, akasema atakayetoka atampiga risasi. Hewa ikawaishia, wakazimia. Asubuhi wengi wao waliamka hai, na Pulaski mwenyewe ameumia macho na mapafu. Ni ushujaa wa kweli, siubezi hata kidogo.

Lakini angalia taifa lilijifunza nini kutokana na ushujaa ule. Lilijifunza kwamba moto ni adui, na adui hana mazungumzo. Vijana waliopitia msiba wa 1910 ndio waliokuja kuwa wakubwa wa idara. Mmoja wao, Ferdinand Silcox, mwaka 1935 alitoa agizo lililokuja kujulikana kama agizo la saa nne asubuhi: kila moto ukionekana leo, uwe umedhibitiwa kabla ya saa 4 ya asubuhi inayofuata. Kila moto! Uwe mkubwa, uwe mdogo, uwe wa radi, uwe unaelekea kujizimia wenyewe. Mwaka 1944 wakaongeza dubu wa kuchorwa aitwaye Smokey, amevaa kofia na suruali, anawafundisha watoto wa shule kwamba moto wa msituni ni mbaya na kuuzuia ni jukumu lao. Agizo lilidumu hadi miaka ya 1970. Dubu yupo hadi leo.

Matokeo yake? Kwa miaka mingi walishinda. Lakini jani kavu halipotei kwa sababu hukulichoma. Linaanguka juu ya jani la mwaka jana, na mwakani linaangukiwa na lingine. Miche ambayo moto mdogo ungeipunguza ikakua kwa kubanana. Mahali palipokuwa na miti michache mikubwa yenye nafasi kati yake, pakawa na kichaka cha miti myembamba inayogombea maji. Pia miti mikubwa, ambayo gome lake nene linavumilia moto, ilikuwa imekatwa na kampuni za mbao. Kisha ukaja ukame wa mwaka 2012 hadi 2016. Miti iliyodhoofika kwa kiu ikavamiwa na wadudu wanaotoboa magome, na miti zaidi ya milioni 100 ikafa imesimama. Mingi ya miti hiyo ilikuwa kulekule Sierra, karibu na bwawa la Mammoth Pool. Unaona sasa yale mawingu ya kilomita 15 yalipata wapi kuni?

Nisieleweke vibaya. Kuna anayetaka sababu moja tu ili alale usingizi, na hapa hayupo wa kumpa. Dunia inazidi kupata joto, na kiangazi cha California kimerefuka na kukauka kuliko zamani. Mwaka 2020 Agosti radi kavu zilipiga kwa maelfu na kuwasha mamia ya mioto kwa siku chache. Nyaya za umeme nazo zina kesi ya kujibu: mji wa Paradise uliunguzwa na moto ulioanzia kwenye nyaya. Na vichaka vya pwani ya kusini vina tabia nyingine, havikuharibika kwa kukosa moto kama misitu ya milimani. Yote hayo ni kweli. Lakini katika misitu ya milimani joto lilikuta chumba kimejazwa kuni, na waliojaza walidhani wanalinda.

Mwaka 2020 hekta zaidi ya milioni 1.6 ziliungua California. Mwaka 2021 moto mmoja peke yake, Dixie Fire, uliteketeza hekta karibu 390,000, yaani karibu mara tatu ya mkoa mzima wa Dar es Salaam, na tarehe 4 Agosti ukaufuta mji mdogo wa Greenville. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wale wakubwa wa 2020 na 2021 walikuwa wanajenga ukuta, tena usiku wa manane.

Na ukitaka kujua deni hulipwa na nani, sikiliza hili. Septemba 2020, siku zilezile amri ya kufunga ilipokuwa inaandikwa, moto ulioitwa Slater Fire uliingia katika mji wa Happy Camp ulioko kwenye mto Klamath. Watu wawili walikufa, na karibu nyumba 200 ziliteketea. Happy Camp ni mji wa Wakaruk. Waliofungiwa kwanza wakaunguliwa. Pamoja na nyumba viliungua vikapu vya bibi zao, vilivyosukwa enzi ambazo kuchoma kichaka kulikuwa jinai.

SISI TUMO WAPI?

Niliahidi tutafika. Yule Pinchot, mkuu wa kwanza wa Idara ya Misitu, hakujifunzia kazi kwao. Alisoma Nancy, Ufaransa, na mshauri wake mkubwa alikuwa Dietrich Brandis, Mjerumani aliyeisimamia misitu ya Uhindi kwa niaba ya Waingereza. Elimu ileile ya Ulaya, kwamba msitu ni ghala la mbao, mwanakijiji ni mwizi wa kuni na moto wake ni ujinga, ndiyo iliyopanda meli kuja kwetu. Mjerumani alianza kuchora mipaka ya misitu ya hifadhi Tanganyika, Mwingereza akaendeleza huko na Kenya. Wazee wetu waliokuwa wakichoma majani mapema, kabla kiangazi hakijakaza, ili moto wa baadaye ukose chakula, nao waliandikwa katika ripoti kama waharibifu. Kwa hiyo mwenye kitabu cha Klamath na mwenye kitabu cha kwetu walikaa darasa moja.

Mwezi mmoja tu baada ya California kufunga misitu, tarehe 11 Oktoba 2020, Kilimanjaro nayo iliwaka. Moto ulianzia Whona, kati ya Mandara na Horombo, kwenye njia ya Marangu, ukaunguza kilomita za mraba zaidi ya 90. Huku kwetu hapakuwa na msururu wa ndege za kumwaga maji. Walipanda watu: askari wa hifadhi, wanafunzi wa Chuo cha Mweka, wanakijiji wa kandokando ya mlima. Mamia walipanda wamebeba matawi, mapanga na majembe, wakapigana na moto kwenye baridi na hewa nyembamba kwa siku kadhaa. California iliwaondoa watu ili ipigane na moto, Kilimanjaro iliwaita. Sisemi lipi bora, maana milima na nguvu havilingani. Nasema tu kwamba wanaoitwa siku ya moto wanastahili kuitwa pia siku ya kupanga, kabla hakujawaka. Mtu hawezi kuwa mgeni wa msitu miezi kumi na moja, halafu mwezi wa kumi na mbili akawa mwenye mali.

California wameanza kulielewa hilo, ingawa polepole. Sheria ya jimbo iliyopitishwa mwaka 2021 iliwapunguzia hofu ya madai wanaochoma kwa mpango, wakiwemo wachomaji wa kimila. Mwaka 2024 ikapita nyingine inayoliwezesha jimbo kukubaliana moja kwa moja na mataifa ya wenyeji juu ya uchomaji wao. Februari 2025 Wakaruk wakawa wa kwanza kutia saini makubaliano ya namna hiyo. Tangu sheria ya 1850 hadi hapo ni miaka 175. Lile alilotaka kupigiwa risasi mtu mwaka 1918, leo lina mkataba.

Amri ya 2021 nayo iliondolewa tarehe 15 Septemba katika misitu mingi, siku mbili kabla ya muda wake, na misitu minne ya kusini ikabaki imefungwa wiki moja zaidi. Watalii wakarudi na mahema yao, na ni haki yao. Wiki mbili si kitu. Siku ikitokea dharura kama ile, popote, hata Kilimanjaro, hata Aberdare, nami nitasema fungeni, tena fungeni mapema, barabara ziachwe wazi kwa wanaokimbia na wanaozima. Anayebisha amri ya namna hiyo akaangalie foleni ya Paradise kwanza. Ila mlango ukifunguliwa tuulize: anaingia nani? Wenye mahema peke yao, au na wale waliofungiwa tangu zamani?

Sasa neno kwenu, wenzangu wa kalamu. Habari za Pulaski na bastola yake tunazijua kwa sababu ziliandikwa. Habari za msusi aliyekuwa akichoma kichaka chake kwa siri tunazijua nusunusu, tena nyingine kupitia barua ya mtu aliyetaka auawe. Wengi wetu tuna babu au bibi huko Songea, Tabora, Kitui au Taita, anayejua majani huchomwa mwezi gani, upepo hupimwaje, na ni kichaka gani hakiguswi. Sisi tumekulia mjini, tunajua kuwasha jiko la mkaa, basi. Likizo ijayo ukienda kijijini usiende na redio tu. Chukua daftari, kaa naye chini, muulize, uandike jina la kila mti kwa lugha yake. Usimrekebishe. Uandike alivyosema, kisha utuletee tuchape.